Kinundu cha mgongo wa pua: filla au kisu? Niliyopitia mimi, na maswali nitajibu

#1 BintiNgamiani

Habari zenu wadau. Nilijiahidi kuuandika uzi huu siku nikitimiza mwaka tangu nipasuliwe pua, na siku yenyewe ni leo. Utakuwa mrefu. Wakati nahangaika kutafuta maelezo kwa Kiswahili niliambulia picha za matangazo tu, za kabla na baada, na hakuna aliyekuwa anaeleza hapo katikati kuna nini.

Nina miaka 31, mzaliwa wa Tanga. Nikiwa na miaka 14 nilianguka na baiskeli nikapiga pua kwenye ukingo wa barabara. Damu ilitoka nyingi, uso ukavimba, bibi akanikanda kwa maji ya moto na chumvi. Wiki mbili baadaye uvimbe ukaisha, pakabaki kinundu katikati ya mgongo wa pua, na tundu la kushoto likawa zito. Nilizoea kulala kinywa wazi nikadhani ndivyo nilivyoumbwa. Kilichokuwa kinaniuma ni kinundu. Kwetu ukisifiwa uzuri utaambiwa una pua ya upanga, na mimi nilijua hiyo sifa hainihusu. Harusi ya dada yangu hakuna picha hata moja niliyotazama pembeni.

Nilipofika miaka 27, nikiwa na akiba kidogo, nikaenda Dar kuchoma filla, yaani sindano ya kujazia. Aliyenichoma ni daktari wa ngozi mwenye leseni, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo, maana sikujua nilikuwa nakaribia hatari gani. Filla inayotumika zaidi ni ute mzito wa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho hata mwilini kipo. Daktari anadunga juu ya kinundu, pale pua inapoanzia kati ya macho, kisha chini yake karibu na ncha. Mabonde yakijaa, mlima hauonekani. Ilichukua kama robo saa, dawa haikufika hata mililita 1, nikatoka na pua iliyonyooka. Nilijitazama kwenye kioo cha bajaji njia nzima, machozi yananitoka.

Ila tuelewane hapa, kwa sababu wengi wanauziwa vingine: filla haipunguzi kitu. Inaongeza. Pua inanyooka kwa kuwa kubwa kidogo kuliko ilivyokuwa. Kwa wengi inadumu kati ya miezi 6 na 18, kisha mwili unaimaliza. Yangu ilianza kuisha mwezi wa kumi tangu nichomwe. Na kupumua kwangu kulibaki vilevile.

Nilirudi kuchoma mara ya pili. Yule daktari alinisikiliza nikiongea kama dakika mbili, akaniuliza, "Mbona unapumua kwa mdomo?" Hakunichoma. Akaniandikia barua niende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huyo akaniingizia kimrija chenye taa, akaona ukuta unaotenganisha tundu mbili umepinda na kuziba upande wa kushoto. Umepinda tangu nilipoanguka. Miaka 14 nilikuwa napumulia tundu moja, na katika muda wote huo nilihangaikia kinundu peke yake.

Ndiyo maana nasema, kabla hujauliza filla au kisu, uliza kinundu chako ni cha nini. Theluthi ya juu ya pua ni mfupa, chini ya hapo ni gegedu, kile kitu kigumu kinachopindika kama cha sikio. Kinundu kinakaa pale vinapokutana, na mara nyingi sehemu yake kubwa ni gegedu wala si mfupa. Vipo pia vinundu vya kudanganya macho. Shina la pua kati ya macho likiwa limezama sana, au ncha ikiwa imeinama, mgongo ulio sawa utaonekana umepanda. Hata kidevu kifupi kinaikuza pua. Mtu wa namna hiyo ukimkata kinundu umemkosea, kwake ni bora kuinua palipozama. Daktari wangu alinipiga picha pembeni, akaweka rula kwenye kioo cha kompyuta, akanionyesha kwamba changu ni cha kweli: mfupa uliunga vibaya.

Upasuaji nilifanyiwa kwa nusu kaputi, kama saa 3. Alichana kidogo kwenye ile ngozi nyembamba kati ya tundu mbili, akainua ngozi ya pua kama anayefungua boneti ya gari. Hiyo ndiyo njia ya wazi. Ipo ya kufanyia kazi yote ndani ya tundu bila kovu la nje, ila kwa pua iliyovunjika na kupinda alitaka aone kila kitu. Akanyoosha ukuta, akapunguza gegedu, akasugua mfupa kwa tupa maalumu. Halafu kuna jambo sikulijua kabisa: ukiondoa kinundu, juu panabaki uwazi, kama nyumba iliyotolewa kofia ya paa. Hivyo mifupa ya pembeni inakatwa kwa makusudi na kusogezwa ikutane. Katikati akapachika vijipande viwili vya gegedu alilolitoa kwenye ule ukuta, ili njia ya hewa isibane. Asiyeweka hivyo panapohitajika, miaka ikipita katikati ya pua panabonyea na alama kama ya V iliyogeuzwa inajitokeza, na pumzi inazidi kuwa ngumu.

Siku ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote. Macho yamefumba, meusi chini. Maumivu yalikuwa ya kuvumilika, ila kuziba pua zote mbili kunatia hofu usiku. Nililala nimeegemea mito mitatu. Plasta ilitolewa siku ya nane, na pua niliyoiona ilikuwa nene, ngeni, imenyanyuka. Nililia tena. Hakuna aliyekuwa ameniandaa kwa siku ile. Kwa hiyo mkisikia mtu ametolewa plasta analia, msimwambie "si ulitaka mwenyewe". Uvimbe mwingi unaisha miezi mitatu ya kwanza, wa mwisho unaondoka polepole hadi mwaka, na sisi wenye ngozi nene unaweza kupita hata hapo.

Leo mgongo umenyooka, sio upanga, umenyooka tu kiasi changu. Ulizeni.

#2 kaka_Mikanjuni

Pole sana dada na hongera. Swali: kuna vibanio vya pua vinauzwa mtandaoni, unavaa dakika 15 kila siku, na mazoezi ya kuminya pua. Hivi vinasaidia mtu asiye na hela ya hospitali?

#3 BintiNgamiani

Kaka, nilinunua viwili nikiwa chuo. Mfupa wa mtu mzima hausogei kwa kibanio, na gegedu likibanwa linarudi lilivyokuwa mara ukiachia. Nilichopata ni vidonda vya ngozi. Kama hela haipo, kipodozi cha kuweka kivuli pembeni ya pua kitakusaidia zaidi siku ya picha, na hakina madhara.

#4 NesiWaTheata

Nimesoma yote. Nafanya kazi theata, na nimesimama kwenye upasuaji wa pua mara nyingi. Dada kaeleza vizuri, naomba niongeze upande wa filla kwa sababu roho inaniuma nikiona inavyochomwa saluni.

Pua ni miongoni mwa sehemu za hatari zaidi usoni kwa filla. Mishipa midogo ya damu ya mgongo wa pua imeungana na mishipa inayolisha jicho. Filla ikiingia ndani ya mshipa inaweza kusukumwa kinyumenyume hadi kwenye jicho, na sehemu ya nyuma ya jicho ikikosa damu kwa dakika 60 hadi 90 inaanza kufa. Upofu huo kwa kawaida haurudi nyuma. Mwaka 2015 madaktari walikusanya visa 98 vya watu waliopata matatizo ya kuona baada ya kuchomwa filla vilivyokuwa vimeripotiwa duniani. Eneo lililoongoza ni kati ya nyusi, na la pili ni pua, karibu robo ya visa vyote. Ni nadra ukilinganisha na idadi ya wanaochomwa, lakini jicho ni jicho.

Dalili za kukimbilia: ngozi kuwa nyeupe ghafla, kisha madoa ya zambarau yaliyotandaa kama wavu, maumivu makali kuliko ya sindano, macho kufifia. Hapo hakuna kusubiri kesho. Filla ya hayaluroniki ina dawa yake ya kuiyeyusha, hayaluronidesi, na anayechoma lazima awe nayo mkononi kabla hajagusa pua yako. Muulize akuonyeshe. Akianza kubabaika, ondoka. Na uliza jina la filla, kwa sababu zipo za kalisi, na wengine wanachoma silikoni ya maji, hizo hayaluronidesi haiziyeyushi.

Vilevile zile kalamu za kusukuma filla bila sindano: mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu yake mwaka 2021. Na hata filla za kawaida, FDA haijaziidhinisha kwa ajili ya pua. Daktari akikuchoma hapo anatumia ujuzi wake mwenyewe, kwa hiyo huo ujuzi lazima uwepo.

Kuficha kasoro za pua kwa sindano hakukuanza jana. Mwaka 1899 daktari Gersuny wa Vienna alianza kudunga watu parafini laini, yaani vaselini, na wengine wakafuata kwa parafini ngumu, ile nta ya mishumaa. Mrembo maarufu wa enzi hizo, Gladys Deacon, alidungwa mgongoni mwa pua, na ile nta ikateremka hadi kidevuni ikamharibu sura kwa maisha yake yote. Kila ninapoona chupa isiyo na lebo namkumbuka huyo mama.

#5 Chumbageni_Mzee

Wanangu, nasoma kwa makini. Mwanangu BintiNgamiani, swali langu si la kukulaumu. Nina mjukuu anataka jambo hili hili, na mimi moyoni nasita kwa sababu ya kubadili maumbile aliyotuumba Mola. Unasemaje?

#6 UmmuRayyan_Mombasa

Shikamoo mzee wangu. Naomba nijibu nilivyofundishwa, na nikikosea wajuzi wanisahihishe. Kuna hadithi ya sahaba Arfaja bin As'ad, pua yake ilikatika katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Akaweka pua ya fedha, ikamtoa harufu, Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Na dhahabu kwa mwanamume asili yake ni haramu. Wanazuoni wengi wakaichukua kama dalili kwamba kurekebisha kasoro na kuondoa madhara kunaruhusiwa, tofauti na kubadili umbo zima kwa kutaka uzuri wa ziada. Pua iliyovunjika na isiyopumua, kama ya dada hapa, sioni ugumu. Kinundu cha kurithi kisicho na madhara, hapo ndipo wanapotofautiana, na mjukuu akae na sheikh anayemwamini.

Mimi mwenyewe nina pua ya babu yangu, Mhadhrami, nundu imesimama. Nimeamua kubaki nayo. Lakini simhukumu aliyeamua vingine.

#7 Chumbageni_Mzee

Marahaba binti. Nimefarijika.

#8 Nassor_Ruwi

Salaam kutoka Muscat. Huku wengi wanakwenda Istanbul, na Waajemi nao wanakwenda kwao Tehran. Kule watu wanatembea na plasta puani barabarani bila kuona haya. Mke wangu amepigiwa hesabu Istanbul, kifurushi kizima na hoteli. Wanamwambia watamfanyia "upasuaji wa kuhifadhi", hawakati kinundu. Ndio nini? Na kuna mashine ya mawimbi ya sauti?

#9 NesiWaTheata

Kaka Nassor, ni njia ya kweli. Badala ya kukata mgongo wa pua juu, daktari anauacha mzima, anatoa ukanda wa gegedu chini yake na kulegeza mifupa kwenye msingi, kisha mgongo wote unashushwa. Kama kushusha paa bila kulibomoa. Daktari Goodale wa Marekani aliieleza tangu mwaka 1899, ikakaa pembeni miaka mingi, na miaka hii ya karibuni imerudi kwa nguvu. Faida yake ile mistari laini ya mgongo wa pua haivurugwi. Inawafaa zaidi wenye kinundu cha kuzaliwa na pua iliyonyooka ukiwatazama mbele. Iliyovunjika na kupinda kama ya dada, mara nyingi haifai. Na kwa baadhi kinundu hujirudia kidogo.

Mashine ya mawimbi ni msumeno mdogo unaotetemeka kwa kasi, unakata mfupa bila kuchana nyama laini. Ni kifaa kizuri, lakini kifaa tu. Mwambie mkeo aulize jina la atakayeshika kifaa. Istanbul, Wizara ya Afya ya Uturuki hutoa cheti kwa hospitali na mawakala wanaohudumia wageni, wakioneshe. Tena asiongee na wakala peke yake, aongee na daktari mwenyewe kabla ya kulipa, na akae angalau mpaka plasta itolewe. Katika kila watu 100 wanaopasuliwa pua, 5 hadi 15 huhitaji kurudiwa. Je, akirudi Muscat pua ikipinda, atamfuata nani?

#10 BintiNgamiani

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nibaki nchini. Nilirudi kliniki mara sita mwaka huu. Kabla ya kulipa nilihakiki jina la daktari kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya mnao KMPDC, baraza la madaktari la huko. Halafu nikamwomba picha za wagonjwa wake wenye ngozi kama yangu, sio za Wazungu.

Mnaouliza bei faragha: sitaitaja, kila hospitali ina yake. Ila unapopewa bei, uliza kama ndani yake wapo daktari wa nusu kaputi, theata, kitanda, dawa na kurudi kliniki, kwa sababu mimi niliambiwa bei moja nikakuta imezaa mbili nyingine. Bima kwa kawaida hailipi urembo. Sehemu ya kunyoosha ukuta kwa ajili ya kupumua ni tiba, na inafaa kuipigania.

#11 MiwaniNaMimi

Mimi navaa miwani, siwezi kuona bila hiyo. Na nina keloidi kifuani, kovu lililovimba na kuota nje. Nisahau?

#12 NesiWaTheata

Usisahau, useme mapema. Kovu la pale chini ya pua mara nyingi linapona vizuri hata kwa wenye keloidi sehemu nyingine, lakini daktari anaweza kukuchagulia njia ya ndani ili asichane nje kabisa. Miwani isikalie mgongo wa pua kati ya wiki 4 na 6. Watu wanaining'iniza kwa tepu kwenye paji la uso. Na kama unavuta sigara, acha kabisa angalau mwezi kabla. Aspirini na dawa za maumivu za jamii hiyo daktari atakusimamishia, usijiamulie.

#13 MamaSwabra

Jamani naomba msaada, nimefika hapa nikitafuta kitu kingine. Mwanangu ana miaka 15, Jumatano alipigwa na kiwiko cha mwenzake kwenye mpira. Leo Jumapili. Uvimbe umepungua, ila naona pua imeelekea kulia na juu pana kitu kimetokeza. Shuleni walimpa panado. Mama mkwe ananiambia nimkande, na nilikuwa nimeshachemsha maji. Nikasoma post ya kwanza nikaishiwa nguvu.

#14 NesiWaTheata

Mama, acha kukanda. Chukua tochi ya simu umwangalie ndani ya tundu zote mbili. Je, ule ukuta wa kati umevimba kama puto jekundu au la bluu, laini ukiubonyeza kwa pamba? Ana homa? Amezibwa pande zote mbili? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, nenda hospitali usiku huu huu, kwa sababu hiyo ni damu iliyojikusanya ndani ya ukuta, na isipotolewa haraka gegedu linaoza na pua inabonyea.

Kama hakuna, nenda kesho asubuhi na uombe daktari wa masikio, pua na koo. Pua iliyovunjika upya inaweza kurudishwa mahali pake bila kuchanwa, kwa kusukumwa tu akiwa na ganzi, lakini muda wake ni mfupi: wiki moja hadi siku kumi kwa watoto, wiki mbili kwa mkubwa. Ikipita hapo mfupa unaunga ulivyo, na kusubiri kunakuwa mpaka amalize kukua, miaka 17 au 18 kwa mvulana, ndipo apasuliwe kama dada.

#15 BintiNgamiani

Mama Swabra, tafadhali nenda. Bibi yangu alinikanda kwa upendo wote aliokuwa nao, na hakuna aliyetuambia kwamba siku zinahesabika. Zahanati tuliyokwenda ilitazama kama damu imekata, tukarudishwa nyumbani. Wakikwambia kesho hakuna daktari, uliza yupo wapi, umfuate.

#16 MamaSwabra

Nimeangalia kwa tochi, ukuta hauna uvimbe, homa hana. Upande wa kulia anapumua kwa shida. Nimemwaga maji. Kesho alfajiri tunatoka.

#17 kaka_Mikanjuni

Tunakuombea mama. Tupe habari.

#18 MamaSwabra

Wadau, nimechelewa kurudi, mnisamehe. Jumatatu tulisubiri mpaka saa tisa alasiri, daktari akamwona, akasema mfupa umevunjika na kusogea, akatupangia kesho yake. Jumanne, siku ya sita, wakampa nusu kaputi, haikuzidi nusu saa. Aliingiza chuma chembamba ndani, akainua, akasukuma kwa dole gumba kwa nje. Hakuna kushonwa. Amefungwa plasta wiki moja, mpira marufuku wiki sita, na hilo ndilo lililomtoa machozi. Daktari amesema kuna uwezekano pua isirudi sawasawa kabisa, tutajua uvimbe ukiisha.

Jana usiku nimeingia chumbani kwake mara mbili kumsikiliza. Amelala kinywa kimefungwa.